Jina la Pili Kwenye Kombe

Sogeeni, mliokwisha kula na mnaosubiri chai. Kisa cha leo ni cha mtu aliyeshinda, na ushindi huo ukamwachia deni la shukrani asilojua amlipe nani.

Mtu huyo ni Mwandawiro, Mtaita wa Mwatate, mcheza tenisi wa kulipwa. Enzi zake, kila mwaka ulipokaribia kwisha, wanaume wanane waliocheza vizuri kuliko wote duniani waliitwa kwenye mashindano ya kufunga msimu. Wanane tu. Mwaka mmoja Mwandawiro aliitwa, akaenda, akatwaa kombe. Mashindano hayo yalikuwa na desturi moja: chini ya jina la bingwa lilichongwa jina la pili, la mtu ambaye bila yeye bingwa asingeshinda. Jina moja, si mawili.

Mwandawiro alikuwa na watu watatu.

Wa kwanza ni dada yake, Wakesho, aliyejaliwa macho. Wa pili ni Nzioka, Mkamba wa Kibwezi, mkandaji wake, aliyejaliwa mikono. Msuli ulioshikana aliulegeza kwa vidole. Wa tatu ni Malick Sarr wa Senegali, mchezaji mwenzake na mpinzani wake, aliyejaliwa moyo; huyo hakujua kuacha kitu katikati.

Ya Wakesho yalianza zamani, kwenye shamba la mkonge, ambako mameneja wa kale waliacha uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu. Wavu ulikuwa umeoza, wakafunga kamba ya katani. Kila jioni dada na mdogo wake walicheza pale mpaka soksi zikawa nyekundu na mama akaanza kuwaita kwa majina yao yote. Wakesho alimshinda kila siku.

"Unajuaje mpira unakwenda wapi, dada?"

"Wewe unautazama mpira. Tazama bega. Bega halijui kudanganya."

Kisha akaja kocha kutoka Nairobi, akitafuta mtoto mmoja wa kumpeleka kwenye chuo cha tenisi. Akawatazama wote wawili, akamchagua Wakesho. Wakati huo mama alikuwa mgonjwa, hawezi hata kujigeuza kitandani. Wakesho akampa Mwandawiro raketi yake na kumwambia kocha, "Mchukue huyu. Nimemfundisha mimi, hatakuaibisha."

Ya Malick yalitokea kwenye mashindano yenyewe. Wale wanane waligawanywa makundi mawili, kila mmoja akicheza na wenzake wote wa kundi lake. Mwandawiro alishinda michezo miwili, akapoteza mmoja kwa Mcheki aitwaye Hruska. Ikabaki mechi moja ya mwisho, ya Hruska na Malick. Hruska akishinda, hesabu za seti zinamtoa Mwandawiro. Malick mwenyewe alikwisha kutoka. Alikuwa amepoteza michezo yake yote, na kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba. Kila mtu aliamini atajitoa, na Hruska apewe ushindi bure.

Mwandawiro alikwisha kufunga sanduku. Akamkuta Malick kwenye chumba cha kuvalia, anakaza kamba za viatu.

"Malick, unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kucheza. Watu wamekuja kutazama mchezo."

"Si kwa ajili yangu?"

Malick akacheka. "Jana wewe ndiye uliyenifunga. Kwa nini nikuonee huruma?"

Akacheza akichechemea, akamshinda Hruska. Mwandawiro akaingia nusu fainali. Malick hakucheza tena mashindano maisha yake yote. Kifundo kile hakikurudi kuwa kama zamani.

Nusu fainali Mwandawiro aliishinda kwa tabu, ikamwachia maumivu ya mgongo. Asubuhi ya fainali hakuweza kuinama kuvaa soksi. Daktari wa mashindano akampima na kumwambia kwa upole asicheze. Mwandawiro akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia.

Nzioka akakunja mikono ya shati. "Lala kifudifudi, kijana. Ukitaka kulia, lilia kwenye mto wa kulalia."

Akaanza. Alikanda, akapumzika, akakanda tena, akimwimbia polepole nyimbo za kwao kama anayebembeleza mtoto. Mchana ulipofika vidole vyake vilikuwa vimevimba hata kikombe cha chai hakikushikika. Mwandawiro akainuka, akainama, akavaa soksi zake mwenyewe.

Fainali ikawa ndefu. Mpinzani, Mkanada mrefu, alifika mahali akahitaji pointi moja tu awe bingwa. Akarusha mpira juu auanzishe. Mwandawiro akaacha kuutazama. Akatazama bega, akaliona linashuka kushoto, akaruka huko kabla mpira haujapigwa. Akaurudisha. Kuanzia hapo Mkanada akaanza kusitasita, na Mwandawiro akamshinda.

Walipomuuliza jina la pili, akasema, "Nipeni muda." Wakampa. Miaka ikapita, wakaacha kumuuliza.

Sasa ana mvi, na waandaaji wamemwandikia kwamba kombe lile kuukuu linapelekwa makumbusho. Nafasi yake ndiyo pekee iliyo tupu. Asipotaja jina, itabaki hivyo.

Akawaalika wote watatu Mwatate, Jumapili. Wakesho akapika kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa. Malick alishuka garini kwa fimbo, Nzioka akamshika mkono. Wakala, wakakumbushana, wakacheka mpaka machozi. Ndipo Mwandawiro akasema kilichowaleta. Kicheko kikakatika.

"Mnisaidie," akasema. "Mmoja wenu aniambie hataki jina lake lichongwe."

Wakesho akaweka sahani chini. "Basi mimi sitasema hivyo. Nalitaka. Nafasi ile ilikuwa yangu, Mwanda. Mama nilimuuguza kwa mapenzi, sijutii. Lakini ningependa jina langu lifike pale ambapo mimi sikufika."

Nzioka akavitazama viganja vyake. "Nimekanda mabingwa wengi. Hakuna picha hata moja ambayo nimo. Siku ile ningeweza kusema daktari amesema kweli, nikalala. Hata mimi nalitaka."

Malick akaiegemeza fimbo yake mezani. "Nilikwambia sikucheza kwa ajili yako. Ni kweli. Ila nilicheza, na ukapita, na mimi sikucheza tena. Jina langu haliko kwenye kombe lolote."

Mwandawiro akawatazama mmoja mmoja. Bila macho ya Wakesho, angeng'olewa kwenye pointi ile. Bila moyo wa Malick, angekuwa kwenye ndege anarudi nyumbani. Bila mikono ya Nzioka, angeitazama fainali akiwa kitandani. Aliwapenda wote, na mchongaji anasubiri simu yake kesho asubuhi.

Basi mimi nimewafikisha hapo, na hapo ndipo alipo Mwandawiro. Semeni nyinyi, na kila mmoja atoe sababu: mchongaji achonge jina la nani? La aliyetoa nafasi yake, la aliyetoa mguu wake bila kukusudia, au la aliyetoa mikono yake? Je, ungekuwa wewe, ungeamua vipi?