Sinia la Shauri

Hapo zamani, milima ya Ndolwe ilipokuwa ikichimbwa shaba kwa sururu na shaba yenyewe ikibebwa vichwani, alikuwako sultani jina lake Makungu. Chini ya mlima kilikuwako kijiji cha wachimbaji, na katika kijiji hicho alikuwako mwanamke mmoja, Kazija binti Ngwali, ambaye hakuwa na mume, wala shamba, wala mbuzi, wala adabu. Watu walimwita punguani, kwa kuwa alikuwa akiuliza mambo ambayo kila mtu anayajua, na akishajibiwa huuliza tena.

Sasa, marehemu baba yake Sultani, siku alipoufungua mgodi, aliwaapia watu mbele ya kadhi kwamba katika kila vikapu kumi vitakavyotoka ardhini kimoja kitakuwa ushuru, na ushuru huo utawekwa mbali na mali ya Sultani, uitwe Fungu la Wanyonge. Ulikuwa ni wa wachimbaji waliovunjika, na wajane wa waliofukiwa, na kisima cha maji safi, maana mto ulikuwa umekwisha kugeuka kijani kwa uchafu wa mgodi. Basi vikapu vikatoka, ushuru ukalipwa, hazina ikajaa hata mlango wake ukawa haufungi vizuri. Likabaki jambo moja tu dogo, nalo ni kuamua fungu litumikeje. Sultani Makungu akawakusanya wazee wa baraza ili walishauri. Wakaanza kulishauri. Mwaka wa tatu ukaingia, nao bado walikuwa wakilishauri.

Ikawa siku moja jiwe likamwangukia Shomari, kaka yake Kazija, likamvunja mguu. Na desturi ya mgodi ilikuwa kwamba nyumba ni ya sururu: nyumba ikikosa mtu wa kushika sururu mpaka mwezi uandame, nyapara huja akaifunga, na waliokuwamo wakatoka na mikeka yao. Mkewe Shomari alikuwa mja mzito wa kujifungua wakati wowote, na mwezi wa zamani ulikuwa umebaki kama ukucha.

"Niletee fimbo," Shomari akasema, jasho linamtoka. "Nitajaribu kushuka."

"Ujaribu nini, kaka? Mguu wenyewe unatazama nyuma kama unamsubiri mtu."

"Basi nyumba je?"

"Nitakwenda barazani kulidai fungu lako."

"Barazani! Wewe? Watakufukuza kama kuku."

"Kuku hufukuzwa akishadonoa," Kazija akajibu, akajifunga kanga yake, akaondoka.

Alifika barazani asubuhi ya Alhamisi, masinia yakiwa ndiyo yanaingia. Pilau ya mbuzi ilikuwa inameremeta samli, zabibu zimetupwa juu yake kama changarawe njiani. Na mbele ya sinia kubwa kuliko yote alikuwa amesimama Waziri Msellem, ambaye tumbo lake lilikuwa na desturi ya kuingia barazani kabla ya yeye mwenyewe.

"Bwana wangu Sultani," Waziri alikuwa akisema, "mnyonge akipewa leo, kesho haamki. Mkono uliozoea kupokea husahau kuchimba. Tukiwapa, tutakuwa tumewadhulumu!"

"Naam, naam," wazee wakaitika, wakimega.

"Nami naona," akasema Mzee Bakoa, aliyeketi kando yake, "jambo hili lina upana, nalo litazamwe kwa upana wake."

"Wateuliwe wazee watatu wakaliangalie," akasema mwingine, "kisha wateuliwe wengine wawaangalie hao."

Kazija akacheka. Akajaribu kukizuia kicheko kwa ncha ya kanga, kikamponyoka kupitia puani.

"Nani huyo anayecheka katika baraza yangu?" Sultani akauliza.

"Ni mimi, Bwana wangu, na ninachekea ujinga wangu. Niliambiwa kwamba fungu halijaguswa tangu lilipowekwa, nami nashangaa linanukia iliki."

Taya zikasimama barazani, ila moja au mbili.

"Mwanamke," Waziri akasema, "hili ni sinia la shauri. Marehemu Sultani aliamuru: mtu yeyote atakayeketi katika baraza hii akatoa neno lake juu ya fungu, atakula kutoka katika fungu, siku ile na kila siku atakayosema, mpaka shauri liishe, ili njaa isimharakishe akaamua vibaya."

"Kumbe mnapewa sadaka."

"Astaghafirullahi! Sadaka! Huu ni ujira. Kufikiri ni kazi, tena kazi ya jasho." Na kweli alikuwa akitokwa na jasho, maana pilipili siku ile haikuwa ya mchezo.

"Na huyo mtu yeyote," Kazija akauliza, "ni yeyote kweli, au ni yeyote mwenye kilemba?"

Hapo Sultani akajibu mwenyewe, maana jambo hilo lilikuwa fahari yake mbele ya wageni. "Mlango wa baraza yangu hauna komeo. Mchimbaji na tajiri huingia sawasawa, na anayewahi kuketi ndiye anayetangulia kusema. Ila hao watu wako hawaji. Hawapendi kufikiri."

"Baraza huketi asubuhi, Bwana wangu, nao asubuhi wamo shimoni."

"Hayo ni yao."

"Basi nami nina langu. Kaka yangu Shomari amevunjika mguu katika shimo lako. Nimekuja kuchukua haki yake."

Waziri akainama sikioni kwa Sultani akanong'ona, na Sultani, ambaye alikuwa ameudhika kwa kile kicheko, akatabasamu. "Sikiza, binti Ngwali. Wazee wangu wasema haiwezekani wanyonge kula fungu hili kabla shauri halijaisha. Wewe waona yawezekana. Basi kesho, baada ya sala ya Ijumaa, walishe watu wa kijiji chako kutoka katika fungu hili, pasipo kuvunja sheria, pasipo kuomba sadaka, na shauri likiwa halijaisha. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, sururu ya kaka yako utaishika wewe, ushuke nayo shimoni mpaka hamu ya kucheka ikutoke."

Wazee wakacheka hata wali ukawapalia. Kazija akainama, akasema, "Nimesikia," akatoka akitembea taratibu mpaka alipopita kona ya ukuta, na hapo akaushika ukuta. Alilijua lile shimo. Baba yao alishuka humo asubuhi moja, na walichorudishiwa ni kofia yake.

Jioni akawakuta wachimbaji mtoni wakijisugua vumbi kwa yale maji ya kijani. Akawaambia, "Kesho ni Ijumaa, shimo limelala. Twendeni barazani."

"Tukafanye nini?"

"Tukashauri."

Wakamcheka. Mchimbaji mmoja, Mbwirire, mtu mwenye kifua kama mlango, akatikisa kichwa. "Dada Kazija, sisi hatujui kusema mbele ya wakubwa. Tutatetemeka tu pale."

"Nimewasikiliza wakubwa hao asubuhi nzima," Kazija akasema. "Hakuna cha kujua."

"Na nyapara akituona?"

"Atatuona tunakula. Mbwirire, usipokuja kesho, mimi Jumamosi nitakuwa nyuma yako kwenye ngazi ya shimo, na nitakuuliza maswali mpaka chini."

Hilo likawatisha kuliko nyapara.

Basi Ijumaa, watu walipotoka msikitini, wazee wa baraza walikaa kidogo nje kusalimiana na kusifiana vilemba, na walipoingia hawakupata pa kuweka mguu. Kijiji kizima kilikuwa kimeketi. Waliketi wachimbaji, wakaketi wajane, wakaketi vipofu wa moshi wa tanuri, na katikati, juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa na watu wanne, alikuwa amelala Shomari na mguu wake. Wazee wakajibana ukutani.

"Bwana wangu," Kazija akasema, "umeniamuru niwalishe. Nimewaleta washauri."

Kabla Sultani hajafungua kinywa, akasimama ajuza mmoja, Bi Mwanate, mjane wa aliyefukiwa. "Neno langu juu ya fungu ni hili: jambo hili lina upana, nalo litazamwe kwa upana wake." Akaketi. Akamgeukia mpishi mkuu, Feruzi, akamnyoshea mkono. Feruzi akamtazama Sultani, Sultani akamtazama kadhi, na kadhi, ambaye alikuwapo siku ya kile kiapo, akasema, "Ameketi, na ametoa neno. Sheria haina la kuongeza." Bi Mwanate akapewa sinia.

Akainuka Mbwirire, anatetemeka kama alivyoahidi. "Mimi... mimi naona wateuliwe watu wakaliangalie. Kisha wateuliwe wengine. Kisha wale wa kwanza wawaangalie hawa." Akapewa sinia.

Akainuka mjane mwenye mtoto mgongoni. "Mimi nakubaliana na aliyetangulia, lakini pia simkubali." Sinia. Kipofu mmoja akasema jambo hilo ameliona kwa macho yake mwenyewe na bado linahitaji uchunguzi. Sinia. Ikawa wanasema na kupewa, wanasema na kupewa, na Feruzi akaanza kukimbia.

Ikafika zamu ya Shomari. Akajiinua kwa kiwiko juu ya kitanda. "Bwana wangu, neno langu ni refu. Leo nitatoa utangulizi tu."

"Utangulizi wako ni upi?" Sultani akauliza.

"Ndio huo, Bwana wangu."

Waziri Msellem hakuweza tena. Akaja mbele akiruka miguu ya watu. "Dhihaka! Hii ni dhihaka! Maneno gani haya?"

"Ni maneno ya baraza, Waziri," Kazija akasema. "Tuonyeshe ni lipi kati ya hayo halikusemwa jana, nasi tutalirudisha pamoja na wali wake."

"Watu hawa wanakula bure! Watazoea uvivu!"

"Si bure. Wanafikiri. Wewe ulinifunza jana kwamba ni kazi ya jasho." Kisha akauliza kwa upole, kama mtu asiyejua kitu, "Huu ni mwaka wako wa tatu kuishika kazi hiyo. Je, wewe umezoea?"

Ndevu za Sultani zikatikisika. Akazishika.

Hapo Feruzi akaingia, mikono kichwani. "Bwana wangu, samli imekwisha. Mbuzi wa kesho wameliwa leo. Na wazee bado hawajapakuliwa."

"Wapakulie basi!" Waziri akafoka.

"Bado hamjatoa neno leo," kadhi akasema. "Na hapa anayewahi kuketi ndiye anayetangulia."

Sultani akakitazama kile kijiji, nusu yake ikitafuna, nusu nyingine ikisubiri zamu na kujifunza upana wa mambo. "Kazija, watu wako watashauri mpaka lini?"

"Mpaka shauri liishe, Bwana wangu, kama wenzao. Ila wao bado wageni katika kazi, huenda wakachelewa. Na kesho hawatashuka shimoni, maana sheria yasema washauri wasiharakishwe."

Neno hilo la shimoni likamwingia Sultani mpaka mfupani. Vikapu visipotoka, hakuna shaba. Na shaba isipokuwapo, hakuna sultani. Lakini aliyeanguka kwanza alikuwa Waziri, ambaye pua yake ilikuwa sasa karibu sana na sinia la Bi Mwanate, na ajuza yule alikuwa akimega polepole makusudi.

"Bwana wangu!" Waziri akalia. "Neno langu ni moja! Shauri liishe!"

"Liishe vipi?" Sultani akauliza.

"Fungu litoke! Waliovunjika wapewe, wajane wapewe, kisima kichimbwe, nyumba za wagonjwa zisifungwe! Liishe tu!"

"Na uvivu wao?"

"Shauri yao!"

"Tumekubali!" wazee wakaitika kutoka ukutani kwa sauti moja, na Mzee Bakoa hakukumbuka upana wa kitu chochote. Kadhi akaandika, Sultani akapiga muhuri. Jambo lililoshinda miaka likapita kabla ukoko haujapoa sufuriani.

Sultani Makungu akacheka. Akacheka hata kilemba kikamwinamia sikioni, akampiga kadhi begani, akalia machozi. Watu wa kijiji hawakucheka pamoja naye, kwa kuwa vinywa vyao vilikuwa na kazi.

"Umeniweza, binti Ngwali," akasema. "Omba utakalo. Wataka joho? Wataka dhahabu?"

Kazija akamtazama kaka yake, aliyekuwa amelala na wali mkononi, analia pasipo sauti, maana sasa hakuna atakayeifunga nyumba. Na kile kicheko cha Sultani kikamchoma: mwenye ufunguo wa hazina alikuwa amecheka, na kwake kumbe jambo lote lilikuwa ni mchezo.

"Sitaki joho, Bwana wangu. Nataka amri moja. Tangu leo, baraza ikikaa kushauri riziki ya wanyonge, wazee washauri hali wamefunga, na wewe ukiwamo. Atakayeona njaa inamuuma, na aamue upesi."

Sultani akaacha kucheka. Akawatazama wazee, wakamtikisia vichwa kwa hofu; akawatazama watu, nao kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa wameacha kutafuna. Alikuwa ametoa ahadi mbele yao wote. Akasema, kwa sauti ndogo, "Na iwe."

Basi mwezi ukaandama, na nyapara akaja kwa Shomari amebeba gunia la unga begani, amenuna, akalitua mlangoni. Mtoto alizaliwa katika nyumba ile ile. Na baraza ya Ndolwe, iliyokuwa ikihitaji miaka mitatu kwa neno moja, ikawa tangu hapo huketi alfajiri na kumaliza kabla ya adhuhuri, na watu wakastaajabu jinsi wazee wao walivyokuwa na akili nyingi siku zote hizo bila kuzitumia.

Hekaya imeishia hapa. Aliyeshiba aisimulie, na mwenye njaa asiishie kuisikiliza.