Usaili wa Saa Sita Mchana

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie iingie!
— Ina matope miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!

Haya, imeingia. Kaeni vizuri. Wewe kule nyuma, acha kutafuna, nitakutoa nje.

Hapo kale, lakini si kale sana maana vyeti vilikuwepo, wanyama walikuwa na chuo kikuu kando ya bwawa. Mkuu wa chuo alikuwa Profesa Kiboko. Akipiga miayo, wanafunzi wa mbele wanainama. Na upendeleo wake! Chuo kilikuwa na wahadhiri kumi na wawili. Wa kwanza kiboko. Wa pili kiboko. Wa tatu kiboko, shemeji yake. Msinichoshe, wote viboko.

Wengine hawakuomba kazi? Waliomba sana. Lakini usaili ulifanyika katikati ya bwawa, penye kina, kwa sababu ndivyo ulivyofanyika tangu enzi za babu yake Kiboko. Swala akaitwa, akafika ukingoni, akatazama maji, akarudi kwao. Kiboko akaandika: "Hakufika kwenye usaili." Nungunungu akaitwa, akatazama maji, akarudi kwao. Kiboko akaandika: "Hakufika kwenye usaili." Kobe, na shahada zake mbili, akajitosa. Gubu, gubu, gubu! Wakamvuta kwa mguu. Kiboko akaandika: "Alifika, hakujibu swali."

Sasa kulikuwa na Nguchiro, mjane mdogo mwenye watoto watatu. Alifundisha pale somo la nyoka kwa miaka sita, mwalimu wa muda tu. Miaka sita! Yeye na wanawe waliishi kwenye tundu chini ya maktaba. Siku moja Kiboko akamwita.

"Nguchiro, somo lako linapata mhadhiri wa kudumu. Nafasi ni moja, ya mpwa wangu Tomondo."

"Lakini mzee, usaili si bado?"

"Bado. Ndiyo maana nakwambia mapema. Ijumaa akishaipata, tundu lako linafukiwa."

Nguchiro akaondoka akiwaza. Watoto atawapeleka wapi, na huko nje Mwewe anazunguka kutwa nzima akitafuta vitoto vya watu?

Kesho yake, ta, ta, ta, akaja Korongo, mkaguzi kutoka Baraza la Vyuo. Miguu mirefu, maneno machache.

"Profesa, naomba mpango wako wa usawa katika ajira."

"Mpango gani tena?"

"Hesabu walioko ndani. Hesabu walioko nje wenye sifa. Ukiona nje wako wa kila aina na ndani wako wa aina moja, tafuta ni mlango gani umefungwa. Ufungue. Andika lengo na tarehe. Na kila unayemkataa, andika sababu."

"Kwa hiyo niajiri wasiojua kitu!"

"Nimesema ufungue mlango. Sijasema uache kuuliza maswali. Ijumaa nisipouona mpango, chuo kitapata mkuu mpya."

Looo! Kiboko hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko "hakufika". Akamwita nani? Akamwita Nguchiro, maana yeye ndiye aliyewaandikia ripoti zao zote.

Nguchiro akaandika. Walioko ndani: kumi na wawili, viboko kumi na wawili. Walioko nje wenye sifa: arobaini na mmoja, viboko watatu. Lengo: Ijumaa hii, mlango ufunguliwe kwa wanyama wa nchi kavu.

Kiboko akanguruma. "Na Tomondo je?"

"Mzee, Tomondo ana miguu minne. Akisimama nchi kavu, nani atasema si wa nchi kavu?"

Kiboko akacheka, hoh hoh hoh, vyura wakaruka. "Una akili wewe! Utafukiwa, lakini una akili."

"Basi tuandike usaili ufanyike uwanjani, saa sita mchana, mkaguzi aone vizuri. Na mwenyekiti asiondoke mpaka fomu isainiwe, mkaguzi asije akasema umekimbia."

"Andika! Andika yote!"

Jamani, kiboko hutoka majini usiku kula majani. Uwanja anaujua. Jua la saa sita halijui.

Ijumaa ikafika. Uwanja mkavu, bwawa liko hatua ishirini. Kiboko kakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Waombaji wa somo la nyoka ni wawili tu, Tomondo na Nguchiro. Korongo akamgeukia Tomondo.

"Wewe ni mnyama wa wapi?"

"Wa nchi kavu, mama."

"Vizuri. Tueleze habari za swila."

"Swila ni mrefu."

"Endelea."

"Ni mrefu sana."

Korongo akamgeukia Nguchiro. Nguchiro akaanza na swila. Akaenda kwa kifutu. Akaenda kwa chatu. Alijibu vizuri, na alijibu polepole, maana alijua akimaliza mapema, Kiboko atasaini jina la mpwa wake na kurudi majini. Jua likawaka, chwaaa! Tomondo akaanza kutoa lile jasho jekundu la viboko.

"Mjomba, naungua."

"Simama!"

Mara wingu hilo! Likafunika jua. Tomondo akashusha pumzi, Kiboko akatabasamu kwa meno yote. Nguchiro amebakiwa na nyoka watatu. Akamtaja wa kwanza, wingu halijaondoka. Akamtaja wa pili, wingu halijaondoka. Alitamani kulia. Akamtaja wa mwisho, na alipokwisha akarudi kwa swila akaanza kueleza mayai yake, moja moja.

Wingu likasogea. Chwaaa!

"Mjombaaa!" Tomondo akatimua mbio, kishindo dugu dugu dugu, chubwiii! majini.

Korongo akaandika: "Mwombaji mmoja ameondoka usailini mwenyewe." Akainua kichwa. "Amebaki Nguchiro. Unamkataa?"

"Namkataa!" Ngozi ya Kiboko ilikuwa inapasuka mgongoni.

"Sababu?"

"Ni mdogo!"

"Tangazo la kazi halikutaja ukubwa. Sababu?"

"Hajui kuogelea!"

"Somo ni nyoka. Sababu?"

"Si wa ukoo wetu!"

Korongo akachovya kalamu kwenye wino. "Hiyo niandike?"

Kiboko akafungua kinywa, meno yote nje, akamtazama Nguchiro. Nguchiro hakusogea. Kiboko akatazama bwawa. Akamtazama Korongo. Ngozi, pwaa! ikapasuka tena. Akanyakua kalamu, akasaini kazi ya Nguchiro, chubwiii!

Nguchiro akakimbia hadi chini ya maktaba. Akawakuta wanawe wameketi juu ya vifurushi, mdogo kabisa amejifunika macho.

"Mama, tunahama?"

Alicheka, akalia, akawakumbatia wote watatu. Kisha akasema, "Fungueni mizigo."

Na funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: ukiwa mkubwa, usikubali kuandika mpango, mipango inaunguza ngozi. Na ukiwa mdogo, tulia na ulichopewa, wakubwa wanajua kinachokufaa.

Nani anacheka? Mimi nimesema kama mkuu wa chuo chetu alivyoniagiza niseme.

— Nimemaliza!
— Tumesikia!
— Aliyeitwa amsimulie asiyeitwa!