Kichana na Tunda la Mwaloni

Koleo ni mkono wa pili wa mhunzi. Likivunjika, chuma cha moto hakishikiki, na mpita njia hudhani kazi imekufa. Wahenga hawakuwa wapita njia. Walijua kwamba chombo kikiharibika, ujuzi hutafuta upenyo mwingine. Mjini Sheffield, penye visu tangu enzi na enzi, jambo hilo lilithibitishwa na Enid Staniforth, kwa msaada ambao hakuuomba wa mumewe, Clarrie.

Kwa miaka kumi na mmoja Enid alikuwa akitafuta kisu kimoja. Babu yake, Jabez Dungworth, alitengeneza visu vya mfukoni peke yake katika chumba cha kupanga, akivipiga chapa yake: kichana na tunda la mwaloni. Chapa hiyo ilichorwa juu ya karatasi zake za barua, na Enid alibaki na moja. Kisu chenyewe hakikuwahi kuonekana. Wakati huo chama cha wakusanyaji wa visu vya kale kilikuwa kikikamilisha kitabu cha mafundi wa mji, na kanuni yake ilikuwa kavu: fundi haingii kitabuni mpaka chapa yake ionekane kwenye chuma. Orodha ingefungwa Jumamosi.

Jumapili, siku sita kabla ya hapo, katika soko la vitu vikuukuu, Enid alikiona ndani ya kopo la biskuti, chini ya spana. Kilikuwa na mpini wa pembe ya kulungu na bapa mbili, yaani vyuma viwili vya kukatia vinavyokunjwa ndani ya mpini. Ubapa mkubwa ulikuwa mweusi kwa uzee. Mdogo ulikuwa umeganda ndani ya mpini kwa kutu. Alikiweka chini ya kioo cha kukuzia. Kwenye shina la ubapa mkubwa, pale unapoungana na mpini, aliona kichana kilichofifia na, kando yake, tunda la mwaloni. Alirudi nyumbani kama aliyeokota dodo chini ya mnazi, akakiweka kisu mezani jikoni, akatoka mbio kumweleza dada yake, nyumba ya tatu.

Hapo ndipo alipokosea. Clarrie alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha visu kiwandani miaka thelathini na minane, na mashine yake ndogo bado ilikuwa bandani. Mkusanyaji haugusi weusi wa chuma cha kale. Clarrie alikwisha kuambiwa hivyo mara mia. Lakini mng'arishaji kuachwa na ubapa mweusi ni paka kuachiwa samaki.

Enid aliporudi, ubapa ulimeta kama kioo.

"Njoo ujione uso, mpenzi!" Clarrie alisema kwa fahari.

Enid alitazama shina. Lilikuwa laini tupu. Alikauka kama gogo.

"Clarrie, chapa iko wapi?"

"Chapa gani?"

"Ya babu!"

"Mimi niliona uchafu tu pale."

"Huo uchafu nimeutafuta miaka kumi na mmoja, mzee wewe!"

Clarrie aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, aliiacha chai yake ipoe.

Jioni hiyo Enid alimpigia simu mwenyekiti wa chama, Leonard Hattersley.

"Niliiona kwa macho yangu, Leonard."

"Nakuamini, Enid. Ila kitabu hakiandiki macho ya mtu."

Enid hakubishana; kanuni hiyo yeye mwenyewe, kama mwanachama, aliipigia kura. Alikigeuza kisu akautazama ule ubapa mdogo. Mafundi wengi hawakupiga chapa kwenye ubapa mdogo. Wachache walipiga.

"Nivute kwa nguvu?" Clarrie aliuliza.

"Ukikigusa, utalala bandani na mashine yako."

Kila asubuhi na kila alasiri Enid alitia tone moja la mafuta kwenye kiungo, kisha akakilaza kisu juu ya kitambaa karibu na bomba la kupashia nyumba joto. Jumatatu hakuna kilichosogea. Jumatano mafuta yalitoka mekundu. Ijumaa ubapa uliinuka upana wa ukucha, ukakwama tena. Jumamosi alikipeleka kisu chamani hivyo hivyo, Clarrie akimfuata na sahani ya keki ya tangawizi, kazi pekee aliyoruhusiwa.

Wanachama walizunguka meza. Enid aliingiza kipande chembamba cha shaba, ambacho hakikwaruzi chuma, akasukuma polepole. Ta! Ubapa ulifunguka. Alipangusa shina kwa pamba yenye mafuta, akamsogezea Hattersley kisu pamoja na karatasi ya babu.

Hattersley aliinamia kioo chake. Akatazama chuma, akatazama karatasi, kisha akarudi kwenye chuma.

"Meno ya kichana saba," alisema. "Huku pia saba. Tunda la mwaloni lina kikonyo kilichopinda kushoto. Kote kote." Akafungua kalamu. "Dungworth, Jabez. Ameingia."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Enid alicheka huku machozi yakimtoka.

"Huo mdogo umebaki mweusi," Clarrie alinong'ona. "Niupitishe kidogo tu?"

"CLARRIE!" ukumbi mzima ulipiga kelele.

Alinyanyua mikono, akaenda kukata keki. Chapa moja ilifutika kwa dakika mbili. Nyingine ilipatikana kwa siku sita za mafuta na subira. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.