Punda Aliyehamishiwa Idara ya Mifugo

Ufagio hutangulia, mfuko hufuata. Hayo si matusi, wajukuu zangu. Mlimwendea Mama Yohana kuchangisha fedha za jezi kabla timu yenu haijacheza hata mechi moja, akawajibu kwa methali, nanyi mkarudi hapa mmenuna. Acheni kununa. Sogezeni huo ungo wa karanga tubangue, niwaeleze chanzo chake. Methali hii naifahamu tangu ilipozaliwa, maana aliyeisababisha ni mimi.

Zamani hizo Chilanje na Igandula zilikuwa halmashauri mbili, kila moja na mwenyekiti wake, mhuri wake na majivuno yake. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mpiga chapa wa muda katika ofisi ya Chilanje. Soko letu lilikuwa na desturi yake. Asubuhi ya gulio, Mzee Ndahani alipita safu kwa safu na ufagio wake wa mpini mrefu, punda wake Kapela akivuta mkokoteni wa taka. Nyuma yao, hatua kumi hivi, alikuja mkusanya ushuru na mfuko wake wa kitambaa. Mama muuza nyanya akishaona ufagio umepita chini ya meza yake, alianza mwenyewe kufungua pindo la khanga. Hakuna aliyebembelezwa wala aliyekimbizwa. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa vile tu, kama vile mtu hunawa ndipo akala.

Ikaja amri kwamba halmashauri hizi mbili ziunganishwe ifikapo Julai mosi. Ikaundwa kamati ya maandalizi, ikakaa Igandula miezi mitatu kunywa chai na kupanga. Msimamizi wake alikuwa Bwana Chalula, afisa mapato wa Igandula, mtu mwadilifu lakini mwenye haraka ya moto wa mabua. Habari ya ushuru waliipanga ikapangika: kiwango kimoja pande zote, stakabadhi mpya, wakusanyaji wameshonewa sare za bluu zenye vifungo vya shaba. Habari ya huduma wakasema, "Hiyo tutaitazama tukishaungana." Kila ofisi ikaagizwa tu kupeleka orodha ya mali na watumishi wake.

Orodha ya Chilanje niliichapa mimi. Nilikuwa hodari wa kuchapa, na mjinga wa mengine yote. Nilipofika kwa Kapela nikajiuliza, punda ni nini? Punda ni mnyama. Wanyama wana idara yao. Nikamwandika chini ya mifugo, nikaona nimefanya kazi safi kabisa. Mkokoteni nikauweka kwenye vifaa vikuukuu. Na Mzee Ndahani je? Huyo alikuwa akilipwa kwa wiki, hana faili, na mimi nilikuwa nachapa kutoka kwenye mafaili. Miaka kumi na tisa ya kufagia, na jina lake halikuingia hata kwa penseli.

Wiki ya mwisho ya Juni wakaja watu wa mifugo na karatasi yao, wakamfungua Kapela wakaenda naye kwenye shamba lao huko Igandula. Jioni yake Mzee Ndahani alikuja ofisini, kofia mkononi.

"Binti yangu," akasema, "wamemchukua punda. Na mimi wanasema simo kwenye karatasi. Hebu nitazamie, labda macho yao hayakuona."

Nilijua hayumo. Nikajifanya natazama, nikamwambia, "Subiri kidogo, Babu, mambo yatakaa sawa." Akanishukuru. Ile shukrani ilinichoma kuliko matusi. Ningeweza kwenda kusema kweli siku ileile, lakini nilikuwa kibarua wa muda, niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Nasema hivi ili mjue kwamba bibi yenu naye aliwahi kuwa mwoga.

Gulio la kwanza baada ya kuungana likafika. Taka za wiki nzima zilikuwa zimelala sokoni: maganda, majani ya kabichi, na nzi waliojiona nao ni wapangaji. Wakusanyaji wakaingia na sare zao, vifungo vikimetameta. Wakaanza kwa Mama Sechelela, muuza mlenda mkavu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Mama, ushuru."

"Ufagio umepita?" akauliza.

"Ufagio gani?"

"Basi haujapita. Ukipita mtanikuta hapahapa."

Meza ya pili jibu likawa hilohilo, na ya tatu vilevile. Hawakupanga, nawaapia. Kila mmoja alikuwa akiungoja ufagio kama alivyozoea. Kufika saa nne wakusanyaji walikuwa wamezunguka soko zima na stakabadhi zao zikiwa bikira. Akapigiwa simu Bwana Chalula, akaja na gari mbiombio, na mimi nikaitwa nimletee daftari.

"Huu ni mgomo!" akasema. "Mama, mnakataa kulipa ushuru wa serikali?"

"Nani kakataa, baba?" Mama Sechelela akafungua pindo la khanga, akamwonyesha. "Fedha hii hapa, nimekuja nayo kutoka nyumbani. Lakini kwetu ufagio hutangulia, mfuko hufuata. Nyie mmeleta mfuko peke yake."

Watu wakacheka. Bwana Chalula hakucheka. Alitazama yale maganda, akatazama vile vifungo vya shaba, akauliza polepole, "Mfagiaji wenu yuko wapi?"

Mzee Ndahani alikuwa langoni na ufagio wake. Alikuwa amekuja kama kila gulio, lakini asiyemo kwenye karatasi aliogopa kuingia. Kabla sijajizuia, ulimi ukanitangulia.

"Yule pale langoni, Bwana, na kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyechapa orodha. Punda nimempeleka mifugo, na Mzee nimemsahau."

"Punda wa taka? Mifugo?"

"Ndiyo, Bwana. Nilidhani... ni mnyama."

Akanikazia macho hadi nikaanza kuhesabu siku zangu za kazi. Kisha mabega yakamtikisika, akaangua kicheko, akacheka hadi akashika meza ya mlenda. "Orodha hiyo niliisoma na nikaitia saini mwenyewe," akasema. Akamwita Mzee Ndahani kutoka langoni. "Mzee wangu, bila punda utaweza?"

"Kufagia nafagia mimi, Bwana," akajibu. "Punda alikuwa wa kuvuta tu."

"Basi wavutaji ninao."

Jamani, laiti mngeliona! Mzee Ndahani mbele, ufagio ukienda kushoto na kulia, na nyuma yake vijana wawili wenye sare mpya wakivuta mkokoteni wa taka, jasho likiwachuruzika hadi kwenye vifungo. Wanawake walipiga vigelegele. Na kila meza ilipofagiliwa, pindo la khanga likafunguka lenyewe. Kabla ya adhuhuri ushuru wa soko zima ulikuwa umekusanywa.

Kapela alirudishwa kesho yake, amenenepa, ameshachanjwa chanjo ya ng'ombe. Mimi niliamriwa kuchapa orodha upya. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya wakuu wote wa idara, niliandika: Ndahani, mfagiaji wa soko, mtumishi wa kudumu. Bwana Chalula aliusoma mstari ule, akanitazama, akatia saini bila kuubadilisha. Nilipompelekea Mzee Ndahani barua yake aliniomba nimsomee mara mbili, nami nikasoma mara tatu.

Muda si mrefu wachuuzi wa Igandula nao, waliokuwa wakitozwa langoni huku taka zikiwangoja hadi mwisho wa wiki, wakaanza kumwambia mkusanyaji wao vilevile. Tangu hapo, kwetu huku, anayekuja kutaka kabla ya kutenda huambiwa kwa upole tu, bila kugombezwa: ufagio hutangulia, mfuko hufuata.