Kitabu cha Wageni cha Nyamizi

Barua ya kuomba watu wa kujaribia dawa ilimtangulia, kisha Daktari Mbelwa mwenyewe akashuka garini na katoni ya vidonge vya majaribio na fomu za kurasa ishirini. Nyamizi, karani wa kijiji, alimfungulia kitabu cha wageni, naye akasaini bila kukitazama.

"Waambie watu wako watie dole gumba kwenye fomu," daktari alisema. "Kusoma hakuna haja, ni utaratibu tu."

"Vidonge vinafanya nini mwilini, daktari?"

"Hayo ya kitaalamu, mama. Wewe lete watu."

Nyamizi alileta kijiji kizima na glasi moja ya maji. Akasoma kwa sauti alichokuwa amekiandika asubuhi juu ya ukurasa aliosaini daktari: "Anayesaini hapa amekubali kuwa wa kwanza kumeza."

"Mbona sikuelezwa!" daktari aling'aka.

"Basi keti," alisema Nyamizi, akimtandikia mkeka, "utueleze sote."