Kikao cha Kumkanya Atupele

Isome mpaka mwisho, kisha mtumie yule anayeambiwa kila siku kwamba umri umemtupa mkono.

Alikuwapo muuguzi mmoja, jina lake Atupele. Alipovuka miaka arobaini aliwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba anaacha kazi, anakwenda kusomea usanifu majengo. Alisema amechoka kulaza wagonjwa kwenye majengo yaliyochorwa na watu wasiowahi kulazwa.

Jamani, ukoo mzima ukamjia juu.

Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali. Kimoja kilikuwa na stashahada fupi ya uchoraji wa ramani, unamaliza upesi na kuingia mzigoni. Kingine kilikuwa na shahada yenyewe ya usanifu, miaka mitano, na baada yake mazoezi ya kazi na mitihani ya bodi inayosajili wasanifu. Atupele aliijua vizuri tofauti yake. Wa stashahada angechora, halafu ramani isainiwe na msanifu aliyesajiliwa. Yeye alitaka achore hospitali, na jina la chini liwe lake.

Mumewe, Gwamaka, mtu mpole kupita kiasi, alisema atafuata watakaloamua wazee. Basi kikao kikaitishwa Jumapili nyumbani kwa Baba mkubwa Anyosisye, kaka wa marehemu baba yake Atupele. Huyo akishasema, limekwisha.

Siku hiyo maneno yalimwagika. Shangazi mtu alisema ni aibu mama mzima kukaa benchi moja na wanaolingana na wanawe. Mwingine akauliza huyo mume atapikiwa na nani. Wote wakaishia palepale: kama kusoma ni lazima, achukue ile fupi. Atupele alisikiliza huku hasira zikimpanda, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka kujenga nini.

Mwisho Baba mkubwa akakohoa.

"Mwanangu, mpaka umalize hiyo ndefu utakuwa umeshazeeka. Chukua fupi."

"Nimekusikia, Baba mkubwa. Ila naomba nikuulize. Nyumba hii ulianza kuijenga lini?"

Watu wakainamisha macho. Nyumba ile haikuwa na dari. Madirisha mawili yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na penye mlango wa chumbani palining'inia kanga. Mzee alichimba msingi Atupele akiwa bado anasoma shule ya msingi. Alihamia hivyo hivyo, na kila alipopata simenti akawa anaongeza.

"Zamani," mzee akajibu.

"Na walipokushauri ununue kile kijumba cha vyumba viwili kilichokuwa tayari, uliwajibu nini?"

Mzee alikuwa mkali, lakini uongo hakuujua.

"Niliwaambia nitazeeka hata nikikaa kwenye kijumba."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo. Mzee naye akatikisa kichwa, akasema haya, yaishe, mwacheni mtoto achukue hiyo ndefu. Gwamaka akashusha pumzi, maana sasa hakuwa na la kuamua.

Atupele akapiga goti mbele ya mzee, kama alivyolelewa.

"Asante, Baba mkubwa. Nimeshaichukua tangu Jumatatu, na kazi nimeshaacha. Leo nilikuja kuaga."

Funzo: Miaka itapita tu, uwe umeisomea au umeikalia. Waheshimu wanaokuhesabia umri, wasikilize mpaka wamalize, kisha nenda unakokwenda.