Jina la Mtoto Aliyevushwa Mto

Sogeeni, na mwenye majibu ya haraka ayameze kwanza. Hadithi hii imewahi kugombanisha mke na mume mpaka ugali ukapoa mezani.

Katika kijiji kimoja cha milimani walikuwako watu watatu. Mbonea alikuwa mwogeleaji asiyejua woga. Mwaka wa nyuma alijitosa mtoni wakati wa mafuriko kuifuata kofia yake. Akairudisha, na mkewe akamnunia wiki nzima. Nakunda alikuwa fundi wa kufunga mizigo, na mzigo alioufunga yeye haukuwahi kuanguka. Lakini mto ulimchukua dada yake, na tangu siku hiyo hata maji ya kunywa alichotewa na majirani. Wa tatu, Kalage, alikuwa na masikio. Akisimama ukingoni alisikia mawe yakibingirika chini ya maji, akajua mto unakuja na nini.

Asubuhi moja ya mvua kubwa, uchungu ulimshika Namvua, mke wa Senzighe. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akasema, "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni zahanati." Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakambeba hadi ukingoni.

Mbonea akavua shati. Kalage akasimama mbele yake.

"Si sasa. Mawe bado yanabingirika."

"Mke wangu anakufa!" Senzighe alifoka. "Akifia hapa, Kalage, damu yake iko juu yako."

"Iwe juu yangu. Hampiti."

Wakamtukana, wakamsukuma, hakusogea. Punde mti mzima na mizizi yake ukapita kwa kasi, palepale ambapo wangekuwa wanavuka. Mawe yaliponyamaza, Kalage akasema, "Haya, sasa."

Mbonea akaing'ata ncha ya kamba ndefu, akajitosa. Mto ukamzamisha, ukamwibua, ukampigiza kwenye mwamba mpaka bega likateguka. Akafika ng'ambo, akaifunga kamba mtini kwa mkono mmoja.

Kitanda kikafungiwa madumu matupu chini, ili kivutwe kwa kamba ile. Lakini mtu alitakiwa aende nacho, akikaza mafundo kila maji yanapoyalegeza, na wa kuifanya kazi hiyo alikuwa mmoja. Nakunda akaja, akashika ukingo wa kitanda. "Namvua, naogopa," alisema wazi. "Lakini sikuachi." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaingia, na katikati ya mto, maji yakiwa kidevuni, akakaza fundo huku akiita jina la marehemu dada yake.

Wakafika ng'ambo, wengine wakavuka kwa kamba ileile, na huko zahanati mtoto wa kike akazaliwa, ila hakulia upesi. Nesi akasema, "Mngechelewa kidogo tu, mngezika wawili." Senzighe akamtazama Kalage kwa uchungu.

Sasa, desturi ya kijiji kile ni hii: aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina, naye huwa mtu mmoja tu. Mtoto akikua, huyo ndiye humfundisha hatari ipi aikabili na ipi aikwepe. Mtoto huyo haolewi wala hafungi safari kabla ya kumsikiliza. Na jina hutolewa kabla kitovu hakijadondoka.

Wote watatu wakaja.

"Nitamfundisha asiogope," alisema Mbonea.

"Wewe unajitosa hata kwa kofia," Senzighe akamjibu. "Mwanangu roho yake si ya kuchezea."

"Mimi nitamfundisha kwamba anaweza kuogopa na bado akaenda," alisema Nakunda.

Mbonea akacheka. "Na siku miguu ikigoma?"

Kalage akasema, "Mimi nitamfundisha kungoja."

"Ulingoja kwa roho isiyokuwa yako!" Senzighe alipiga kelele.

"Ndiyo. Na ningerudia."

Namvua akainuka, mtoto kifuani. "Nyamazeni nyote. Kwenye kile kitanda nililala mimi. Nitachagua mimi, na nitachagua leo."

Akawaendea, nao wakanyoosha mikono, Mbonea mmoja tu, maana bega lilikuwa bado limefungwa.

Hapo mimi nafunga mdomo, nanyi fungueni yenu. Mtoto angekuwa wako, na maisha yote ya kuthubutu yako mbele yake, je, ungemweka mikononi mwa nani?